Walipotoka porini walikwenda sokoni: wanawake wa jeshi na biashara ndogo mashariki mwa Kongo

Kila mara vita vinapotangazwa kuwa vimekwisha huku mashariki, picha ni zile zile. Wanaume wamejipanga, bunduki zimelundikwa chini, mkubwa mmoja anasoma hotuba. Wanawake hawaonekani sana kwenye picha hizo, lakini porini walikuwepo na baadaye walirudi. Ukifuata njia walizopita, wengi utawakuta kwenye biashara: nyuma ya beseni la ndagala kule Uvira, kwenye meza ya unga Kadutu, kwenye kibanda cha unité za simu Birere, au barabarani kutoka Masisi kwenda Goma na mzigo wa makala mgongoni. Soko liliwapokea kabla ya mpango wowote wa serikali kujua idadi yao, na mpaka leo idadi hiyo haijulikani vizuri.

Jambo lenyewe ni la zamani. Force Publique, jeshi lililoundwa wakati wa Leopold katika miaka ya 1880 na kurithiwa na Wabelgiji, lilikuwa jeshi la wanaume, lakini halikutembea bila wanawake. Wake wa askari walikaa kambini, walifuata safari, walibeba mizigo na kupika, walilima pembeni ya kambi na kuuza kilichobaki, pamoja na pombe. Hakuna aliyewaita askari, na hakuna aliyewapa pensheni.

Mwaka 1964, uasi wa Simba ulipoenea mashariki, jina la Mama Onema lilijulikana kwa sababu ya dawa ambayo wapiganaji waliamini inawakinga na risasi. Upande wa Kwilu, katika uasi wa Pierre Mulele, alikuwepo Léonie Abo, mkunga kijana aliyeishi msituni miaka mitano, na Mulele alipouawa mwaka 1968 akakimbilia ng'ambo ya mto, Brazzaville. Hao wawili majina yao yaliandikwa. Waliobeba chakula na kuuguza majeruhi pamoja nao walirudi vijijini kimya kimya.

Baadaye, chini ya Mobutu, wanawake waliandikwa jeshini wazi, na wengine walifundishwa hata kuruka kwa parachuti. Lakini askari wa Zaire, awe mwanaume au mwanamke, alijua kwamba mshahara unaweza usifike. Mwaka 1991, na tena 1993, wanajeshi walitoka makambini na kupora miji. Katika miaka ile familia nyingi za kambini zilikula kutokana na kile mama alichouza mbele ya mlango: mikate, chumvi, mafuta ya mawese yaliyopimwa kwa chupa. Kwa hiyo vita vya 1996 vilipofika, kambi na soko tayari vilikuwa majirani wa muda mrefu.

Vita vile viliingiza wanawake na wasichana kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilianza mwezi wa kumi 1996 na kufika Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, na kadogo wake hawakuwa wavulana tu. Baada ya tarehe 2 Agosti 1998 yakaja RCD, makundi ya Mai-Mai, na kule Ituri wanamgambo wa pande zote. Wengine waliingia kwa hiari yao: kulipiza kisasi cha ndugu, kukimbia ndoa, kukosa feza za shule, au kuamini kwamba mwenye bunduki habakwi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, njiani, shambani au shuleni.

Ndani ya kundi, mwanamke mmoja alikuwa na kazi nne kwa siku. Alibeba risasi na vyungu, alipika, alilinda, na alipeleleza. Kazi ya mwisho ndiyo inayohusu habari hii. Kamanda akitaka kujua adui ana askari wangapi na wanalala wapi, hakumtuma mwanaume, maana angekamatwa. Alimtuma msichana na ndizi kichwani mpaka sokoni. Na ilibidi auze kweli, kwa sababu muuzaji asiyejua bei anashukiwa haraka.

Kulikuwa pia na upande wa mali. Makundi yaliishi kwa kitu cha kuuza: makala ya msitu wa Virunga, dhahabu, mbao, bangi, au ng'ombe waliyoporwa. Vitu hivyo haviliwi porini. Lazima mtu avifikishe mahali penye wanunuzi na arudi na chumvi, sabuni, betri na dawa. Wanawake walikuwa sehemu kubwa ya mnyororo huo. Walijua bei ya gunia, walijua njia ya usiku, walijua ni askari gani wa barabarani anayekubali sigara na ni nani anayetaka pesa. Si vizuri kuiita hiyo shule ya biashara. Ilikuwa kazi ya kulazimishwa, na faida ilikwenda kwa kamanda. Lakini ujuzi ulibaki kichwani mwa aliyefanya kazi.

Kuna neno moja ambalo halipaswi kusahauliwa. Katika jeshi la UPC kule Ituri, wanawake na wasichana waliitwa PMF, kifupi cha Kifaransa cha watumishi wa kike wa jeshi. Lakini mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, CPI, ilielezwa kwamba wanaume wa jeshi hilo walikuwa na jina lingine kwa ajili yao: guduria, yaani chungu kikubwa cha kupikia, ambacho kila mmoja anachota. Kesi ya Thomas Lubanga, iliyotolewa hukumu tarehe 14 Machi 2012, ilihusu kuandikisha watoto na kuwatumia vitani. Ubakaji haukuwa kwenye mashtaka. Ni katika kesi ya Bosco Ntaganda, tarehe 8 Julai 2019, ndipo mahakama ilipomkuta na hatia pia kwa yale yaliyotendwa dhidi ya wasichana wa jeshi lake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa kwamba mtu anaweza kuwa askari na pia kuwa mwathirika wa kundi lake. Miaka ilikuwa imepita. Kwa wakati huo msichana wa mwaka 2002 alikuwa mama mzima, na chungu kikubwa, kile cha kweli, huenda kilikuwa ndicho anachotumia kupikia maharagi ya kuuza.

Mikataba ya Pretoria ya mwisho wa 2002 ilileta serikali ya mpito mwaka 2003, na pamoja nayo mpango wa kitaifa wa kuwaachisha watu silaha. Tume iliyousimamia iliitwa CONADER, na pesa nyingi zilitoka Benki ya Dunia na wafadhili wake. Mpiganaji alipita kwenye kituo cha kupangwa, akachagua: kuendelea na jeshi jipya, FARDC, kupitia brassage, au kurudi uraiani. Aliyechagua uraia alipewa dola 110 za safari na chakula cha mwanzo, halafu dola 25 kila mwezi kwa miezi 12, zilizopitia kwenye simu kwa kampuni ya Celpay. Jumla dola 410, bila kuhesabu kifaa cha kazi au mafunzo yaliyoahidiwa. Watu wazima zaidi ya 100,000 walipitia mpango huo. Wanawake kati yao walikuwa wachache sana.

Sababu hazikuwa siri hata wakati ule. Katika mipango ya aina hii bunduki ilikuwa tiketi, na mwanamke wa kundi mara nyingi hakuwa na bunduki yake, au alinyang'anywa siku ya kwenda kituoni ili apewe mwanaume. Ni kamanda aliyeandika orodha, na kamanda hakupenda kumwandika msichana anayemwita mke wake. Wengi waliorodheshwa kama dépendants, watu wanaotegemea mpiganaji, pamoja na watoto. Askari alipokea dola zake 410. Yule aliyelinda naye kilima kimoja kwa miaka mitatu akapokea sufuri, na kama mwanaume aliondoka na pesa kwenda kwao, basi sufuri pamoja na mtoto mgongoni.

Wengine walikataa wenyewe. Kupita kituoni kulimaanisha kupewa kadi, na kadi ilimaanisha kwamba kijiji kizima kitajua ulikuwa wapi. Mwanaume mwenye kadi ya démobilisé alionekana hatari, lakini mwanaume. Mwanamke mwenye kadi hiyo alionekana ameharibika. Kwa hiyo walitoroka usiku, wakavua nguo za jeshi, wakafunga kikwembe na kuingia mjini kama wakimbizi wengine. Ripoti iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Child Soldiers International ilionyesha ukubwa wa pengo hilo: kati ya watoto walioondolewa kwenye makundi tangu 2009 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, wasichana walikuwa asilimia 7 hivi tu, ingawa walikadiriwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya hapo ya watoto waliokuwa ndani.

Kwa nini basi biashara, na si kilimo au ufundi? Shamba lina mwenyewe. Katika desturi nyingi za Kivu ardhi inapitia kwa baba, kaka au mume, na msichana aliyerudi na mtoto asiyejulikana baba yake anapewa kona ya shamba kwa huruma, si kwa haki. Ufundi ulikuwepo, hasa ushonaji, ambao miradi iliupenda kupita kiasi. Kijiji chenye cherehani kumi mpya hakina nguo za kutosha za kushona, na cherehani nyingi za namna hiyo ziliishia kuuzwa. Huo nao ulikuwa mwanzo wa mtaji kwa wengine. Shule ilihitaji karo na ujasiri wa kukaa na watoto wa miaka kumi.

Soko halikuuliza cheti wala jina la baba wa mtoto. Liliuliza ushuru wa siku na mahali pa kuweka beseni. Mtu anaanza na ndizi au nyanya, ambazo mtaji wake ni mdogo lakini zinaoza. Akipata kidogo anapanda kwenye unga unaopimwa kwa guigoz, au maharagi kwa mironko, ambayo hayaozi lakini yanataka pesa nyingi zaidi za kuanzia. Anayejua barabara hafanyi kazi ya kukaa. Anafuata mali Bunyakiri, Minova, Masisi au Idjwi, na kuwauzia wale wanaokaa. Hapo ndipo waliotoka porini walikuwa na nguvu kuliko wengine: miguu yao ilizoea, hawakuogopa msitu, na walijua kuhesabu mzigo kwa macho.

Kilichowakwamisha ni mkopo. Biashara ndogo huku haitembei kwa pesa mkononi. Muuzaji anachukua mali asubuhi kwa mwenye depo na kulipa jioni, na mwenye depo anatoa kwa mtu ambaye anajua nyumba yake, kanisa lake na shangazi yake. Mwanamke aliyebadilisha mji ili asitambulike alikuwa amejinyima hao wote. Hivyo ficho lililomlinda dhidi ya maneno ya watu lilimfungia pia mlango wa mali. Alibaki na mtaji wa beseni moja kwa miaka, wakati jirani yake aliyezaliwa mtaani alikwisha kupata meza.

Na kama alitaka kukua, sheria nayo ilimsubiri. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga kwa mkataba, kununua au kuuza mali kubwa, au kwenda mahakamani kwa kesi ya kiraia. Mwanamke aliyewahi kuamuru wanaume ishirini hakuweza kusaini karatasi ya mkopo bila mume kuketi pembeni. Hali hiyo ilibadilishwa tu na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Benki na ofisi nyingi zimechelewa kuisoma.

Halafu kuna barrière. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya makundi, vya idara za serikali na vya watu wasiojulikana ni wa nani. Kila kimoja kinachukua kitu kwenye gunia. Mwanamke aliyekuwa akisimama upande wa kamba sasa yuko upande wa mzigo, analipa faranga kwa kijana mwenye umri aliokuwa nao yeye wakati ule. Ujuzi wa zamani unamsaidia kujua lini kunyamaza na lini kukataa. Lakini faida yake inakatwa pale pale ambapo zamani alikuwa anakata ya wengine, na wapo wateja wanaokumbuka hivyo na kumwambia usoni.

Mipango iliyofuata haikurekebisha yote. CONADER ilifungwa mwaka 2007 na kazi yake kupewa idara nyingine. Mpango wa tatu, wa mwaka 2014, ulikuja na wazo la kuwapeleka wapiganaji mbali na makwao, katika kambi za Kitona, Kamina na Kotakoli. Huko Kotakoli, katika Équateur ya zamani, Human Rights Watch iliripoti mwaka 2014 kwamba zaidi ya watu 100, wapiganaji pamoja na wake na watoto, walikufa kwa njaa na magonjwa. Pamoja na vifo hivyo, kosa la mpango huo linaeleweka hata kwa mtu anayeuza nyanya: mwanamke wa Kivu aliyepelekwa mamia ya kilomita ametolewa kwenye lugha anayouzia, barabara anazozijua na watu ambao wangemkopesha. P-DDRCS, iliyoundwa kwa amri ya rais ya tarehe 4 Julai 2021, inasema kinyume chake, kwamba msaada upitie kwenye jamii ya mtu. Wazo hilo lina akili zaidi, lakini kwa mwanamke aliyejificha lina ugumu wake, maana jamii ndiyo ile aliyoikimbia.

Upande wa Ituri, fidia za CPI zilichukua njia ya biashara. Kwa Lubanga mahakama iliweka dola milioni 10 mwishoni mwa 2017, na kwa Ntaganda ilitoa amri ya fidia tarehe 8 Machi 2021. Waliohukumiwa hawana pesa, kwa hiyo mfuko wa waathirika wa mahakama ndio unaotafuta. Pamoja na matibabu na ushauri, sehemu ya kazi ni zile shughuli za kuleta mapato ambazo miradi yote huziita AGR. Aliyeingizwa jeshini mwaka 2002 akiwa na miaka 13 alikuwa na zaidi ya 30 kazi hiyo ilipoanza. Hakuhitaji tena kufundishwa kuuza. Alihitaji mtaji, na daktari.

Waliofanikiwa kupanda, wengi walipanda kwa likelemba, kwa MUSO na kwa AVEC, vikundi vya akiba ambavyo vimejaa Kivu nzima. Faida yake kubwa si riba. Kikundi kinamjua mtu kwa miezi ya sasa: alikuja kila juma, aliweka hisa zake, alirudisha deni. Yaliyopita hayaandikwi kwenye daftari. Mwaka mmoja wa kuweka bila kukosa unamtosha mwenye depo kumkubali, kwa sababu sasa kuna wanawake ishirini na tano wanaoweza kusema nyumba yake iko wapi.

Benki za Goma zilipofungwa mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuuteka mji, wafanyabiashara wakubwa walishindwa kufikia pesa zao, na wadogo wa AVEC bado walikuwa na sanduku lao. Sanduku hilo kwa kawaida lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti ili mmoja asiweze kulifungua peke yake. Mwezi wa pili wa mwaka huo kambi za wakimbizi kuzunguka mji zilivunjwa, na watu wakarudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo kila mmoja kwa njia yake. Kikundi kilichokuwa na washika funguo wawili kambini na mmoja mtaani kilibidi kwanza kiwatafute, kijiji kwa kijiji, kabla ya mtu yeyote kununua gunia.